Mikeka Juu ya Vyumba vya Haji Kulmiye

Juzi msichana mmoja wa hapa hapa Garissa, anayeifanya kazi niliyoiacha, alikuja kunisalimia akiwa na simu mbili mkononi. "Ayeeyo," akaniita, maana nyote siku hizi mnaniita bibi na sina ubishi, "zamani mlikuwa mnawaunganishaje wapangaji bila kundi la WhatsApp?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia aketi, nikamtilia chai, na mambo niliyomwambia nayaandika hapa kwa ajili yenu wengine, kwa sababu yeye alipigiwa simu akaondoka kabla sijafika katikati.

Nimewakusanya wapangaji maisha yangu yote ya utu uzima. Nimebishana na wenye nyumba wakorofi na wenye nyumba waungwana. Nimefukuzwa maofisini, kisha nikanyweshwa chai katika ofisi zilezile. Lakini kazi yenyewe nilijifunza katika ploti moja nyuma ya soko la mifugo, miaka ile ya vita vilivyoitwa vita vya shifta, serikali ikipigana na waasi wa Kisomali, na aliyenifunza ni mwanamke muuza maziwa aliyeitwa Dahabo. Mimi nilikuwa bado binti, nimeolewa karibuni. Mume wangu Abdi alikuwa dereva wa lori njia ya Mandera, na kwa kuwa malori yalikwenda kwa misafara yakilindwa na askari, alikuwa akiondoka sijui atarudi lini.

Ploti ilikuwa ya Haji Kulmiye. Safu mbili za vyumba vya udongo zilitazamana, katikati uwanja wa vumbi, choo kimoja pembeni. Paa zilikuwa za madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, na kila debe lilikuwa na tundu lake. Jua la Garissa mnalijua. Mchana ndani kulikuwa tanuri, na mvua ikija, ilikuja mpaka kitandani.

Na bado, wanangu, nikifumba macho napakumbuka kwa hamu. Asubuhi Dahabo alifukiza vyombo vyake vya maziwa kwa vijinga vya moto, na moshi ule mtamu ulipita mlango hadi mlango. Jirani yangu Shamsa, mjane mwenye watoto wadogo, alimimina anjera, mkate wetu mwembamba, kwenye kikaango na kuimba kwa sauti ndogo. Ng'ambo ya uwanja cherehani ya Mutua ilianza kulia. Huyo alikuwa fundi cherehani kutoka Kitui, mtu pekee pale asiyejua Kisomali, ingawa matusi yetu aliyajua yote. Siku hizi ninaishi nyumba ya mawe yenye vigae na feni, lakini hakuna harufu ya mtu yeyote inayoingia mlangoni kwangu.

Nilianza kazi kwa kuiharibu, na msinicheke peke yangu, maana nanyi mtaiharibu. Siku moja, baada ya mvua iliyomlowesha kila mtu, nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimesoma kidogo, Kiswahili changu kilikuwa kizuri, nikaona mimi ndiye wa kusema. Nilisimama juu ya debe katikati ya uwanja, nikapaza sauti kama mwalimu mkuu: "Majirani! Tukutane hapa tujadili paa zetu!"

Nilisahau kwamba ilikuwa hali ya hatari. Kukusanyika bila ruhusa kulikatazwa. Milango ikafungwa moja baada ya nyingine, nikabaki juu ya debe na kuku. Papo hapo askari wa doria akachungulia langoni.

"Wewe mama, unahutubia nani?"

Dahabo akatoka chumbani kwake taratibu, fagio mkononi. "Iko botea mbuzi," akamwambia askari. "Huyu naita mbuzi." Kiswahili chake kilikuwa hivyo, p kwake ilikuwa b na ngeli zote zilikuwa moja, lakini hakuwahi kukosa la kusema.

Askari yule alikuwa mtu mwema, na huo ndio ulikuwa msiba wetu. Alisema atatusaidia kutafuta. Basi jua lote la alasiri wapangaji wa Haji Kulmiye walizunguka sokoni wakiita mbuzi asiyekuwepo, askari mbele. Mwishowe akarudi amefurahi, anamburuta beberu mweusi kwa pembe. "Huyu hapa, mama!" Dahabo akamshukuru kwa dua ndefu. Kisha mwenye beberu akaja, naye hakuwa na dua hata moja.

Jioni ile Dahabo aliniita mlangoni pake. Tulipokuwa wawili tulizungumza Kisomali, nami nakigeuza hapa kwa Kiswahili. "Halima," akasema, "una sauti nzuri. Sasa inyamazishe kidogo. Kesho njoo nami mtoni."

Hivyo ndivyo nilivyoingia shule. Tulikuwa tukichota maji mto Tana, na foleni ya wanawake na punda ilikuwa ndefu. Hapo hakuna askari aliyeuliza kwa nini watu wamekusanyika. Dahabo hakutaja mwenye nyumba, wala haki, wala umoja. Alimwuliza jirani aliyesimama karibu naye swali moja tu: "Mvua ikinyesha, wewe unalalia upande gani?"

Jaribuni swali hilo. Yule mwanamke alianza kueleza kwamba wanalala ukutani, mtoto juu ya sanduku, mume amekaa na sufuria mapajani. Mwingine nyuma yake akadakia kwamba wao husimama. Wa tatu akasema afadhali nyinyi. Kabla madebe hayajajaa walikuwa wameshajua kwamba wote wanalowa mvua ileile chini ya mwenye nyumba yuleyule, na hakuna aliyewahutubia. Mimi nilibaki nimeshika kamba ya punda.

Alinifunza pia kumtambua mtu wa kutegemewa. Mimi nilimpenda anayesema kwa ukali. Dahabo akaniambia nitazame ni nani ambaye wengine humwachia watoto wakienda sokoni. Katika ploti yetu mtu huyo, wallahi, alikuwa Mutua. Watoto wa Kisomali walikuwa wamejaa chini ya meza yake wakiokota vipande vya vitambaa na kuimba nyimbo za Kikamba. Nikashangaa kwamba sikuwahi kuliona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu.

Haji Kulmiye alikuja Ijumaa, baada ya swala, amevaa kanzu nyeupe na kushika bakora yake ya mpingo. Hakuwa jitu la kutisha. Alikuwa mfanyabiashara, na vita vilikuwa vimemletea biashara. Walikuwa wamekuja makontrakta wa kujenga barabara na kambi, na walihitaji stoo.

"Watu wangu," akasema, "mwezi ukiandama nataka vyumba vitupu. Nimepata mpangaji mmoja wa vyote."

"Adeer," nikamwambia, kwa heshima kama baba mdogo, "kodi tunakulipa. Sisi tutaenda wapi?"

"Ardhi ya Mungu ni pana, binti yangu."

Wakati mwingine ingekuwa kweli. Wakati ule haikuwa pana hata kidogo. Watu wa mbuga walikuwa wakikusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua wa miiba, ng'ambo ya mji, na kutoka mle kulihitaji ruhusa. Mtu wa mjini aliyejulikana anapokaa aliachwa. Asiye na chumba alihesabiwa mtu wa mbuga, akapandishwa lori. Dahabo angepoteza wateja wake wa maziwa, Shamsa angepoteza kikaango chake na watoto wangepoteza shule. Msidhani tulikuwa tunagombania kuta za udongo. Tulikuwa tunagombania jibu la swali "unakaa wapi?"

Mkutano wetu mkubwa tuliufanya mchana kweupe, kwenye arusi ya ndugu yake Dahabo, kwa sababu arusi ilikuwa na ruhusa. Tuliketi tukipakwa hina, mikono imenyooshwa, na aliyepakwa hina haondoki mpaka ikauke. Dahabo alikuwa amelipanga hilo. Mutua alikuwa mlangoni akishona nguo ya bibi arusi, nami nilimtafsiria.

"Atatoa paa," Dahabo akasema. "Wenye nyumba hawaanzi na watu, huanza na paa, ili watu watoke wenyewe. Nani ana mikeka ya nyumbani?"

Karibu wote walikuwa nayo. Wanawake wengi wa ploti ile walizaliwa mbugani, ambako nyumba yetu ni aqal, fito za kukunja zinazofunikwa kwa mikeka minene, na anayeijenga na kuibomoa ni mwanamke. Walipopoteza ngamia na kuingia mjini, hawakuitupa. Mikeka ilikuwa matandiko, fito zilikuwa za kuanikia nguo.

Mutua alitingisha kichwa. "Mama, mimi nina cherehani na mke nyumbani ananitegemea. Nikikosana na serikali nimekwisha. Mimi naweza kutafuta chumba kwingine." Hakuna aliyemlaumu. Dahabo alimwambia amalize tu nguo ya bibi arusi.

Shamsa naye alinivuta pembeni, hina bado mbichi. "Abaayo, dada yangu, nyinyi mna waume. Mimi nina watoto tu. Wakija na bunduki nitamficha yupi?" Nilijaribu kumshawishi. Nilisema sana. Siku mbili hazikupita akafunga mizigo yake, akaenda kwa shemeji yake nje ya mji, akisema huko kutakuwa na utulivu. Shemeji na jamaa yake wote walikusanywa wiki hiyo hiyo, na Shamsa pamoja nao. Asubuhi zilizofuata hakukuwa na wimbo mlangoni pake, na mimi nilishindwa kula.

Vibarua wa Haji walikuja baada ya chai ya asubuhi, wakiwa na ngazi na mitaimbo. Dahabo alikuwa ametuagiza: hakuna tusi, hakuna jiwe, wapeni maji ya kunywa, nao ni watu wa kibarua. Basi tulisimama uwanjani tukitazama paa zetu zikiteremshwa debe kwa debe. Jua likaingia vyumbani mwetu kama mgeni asiyebisha hodi. Kitanda changu cha arusi, nilichokuwa nikikionea fahari, kilionekana kidogo na duni pale peupe, nikaona haya kana kwamba nimevuliwa nguo.

Vibarua walipokwisha kuondoka, Dahabo alijifunga leso kiunoni. "Haye, mabinti," akasema kwa Kisomali. "Nani amesahau kujenga?"

Hakuna aliyesahau, isipokuwa mimi, ambaye sikuwahi kujua. Nilizaliwa mjini. Nilikunja fito nilizoazimwa kinyume, nikazifunga kwa fundo la viatu, zikafyatuka na kumwangukia Mutua aliyekuwa amesimama na cherehani yake mikononi, hajui aende wapi. Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mutua akajipangusa, akazitazama zile fito, akazitazama kuta zake zisizo na kitu juu. Kisha akaweka cherehani chini.

"Nionyesheni hilo fundo," akasema.

Kila mmoja alimtolea mkeka mmoja. Adhuhuri ilipofika, kila chumba kilikuwa na kichwa cha mviringo cha mikeka, kimekaa juu ya kuta za udongo kama kofia kubwa kuliko mtu. Haikuwa nzuri. Lakini ndani kulikuwa na kivuli na upepo zaidi kuliko zile siku za madebe, na Mutua alikaa chini yake akisema amezaliwa Mkamba na atazikwa Msomali.

Haji alifika kesho yake, akaona, akarudi alikotoka. Aliporudi tena alikuwa na afisa wa serikali na askari wawili. Afisa alikuwa mtu wa bara, mrefu, mgeni wa joto letu, shati limemganda mgongoni. Alitembea uwanja mzima akitazama juu, nasi tumesimama milangoni, kila mtu mlangoni pake kama tulivyokubaliana.

"Hizi ni nyumba za mbuga," akasema mwishowe. "Watu wa mbuga hawakai mjini. Mnajua wanapokaa."

Hilo hatukulitarajia. Dahabo mwenyewe hakulitarajia. Mikeka tuliyoona imetuokoa ndiyo ilikuwa inatupandisha lori.

Ndipo mkeka wa mlango mmoja ukafunuliwa, akatoka Mutua, futi ya kupimia shingoni.

"Shikamoo, mzee. Na mimi ni mtu wa mbuga?"

Afisa akageuka. "Fundi? Wewe unafanya nini humu?"

"Nakaa hapa, mzee. Suruali yako ya kazi iko ndani, nimebakisha vifungo. Na sare za hawa askari ziko ndani, nazitia viraka. Chumba ni kilekile ninachokaa siku zote, paa tu ndilo limeondolewa na mwenye nyumba."

Askari mmoja akatazama viatu vyake. Afisa akamtazama Haji, Haji akatazama bakora. Dahabo akaona mlango umefunguka, akaingia kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Afande!" akapiga kelele, kidole juu. "Sisi hataki vita. Sisi nataka baa tu! Haji nachukua baa yetu! Rudisha baa!"

Afisa alishtuka. "Baa?" akasema. "Nyinyi Waislamu, kina mama wazima, mnataka baa?"

"Baa!" wakaitikia wanawake wote, kwa sauti moja, vidole juu. "Kila mtu na baa yake!"

"Na wazee msikitini wanajua?"

"Wazee nataka pia!"

Nilikimbia katikati ya uwanja, machozi na kicheko vimechanganyika. "Paa, bwana! Paa la nyumba! Wanasema paa!"

Sijui nieleze vipi kilichotokea usoni mwa mtu yule. Alijizuia, akajizuia, kisha akaachilia kicheko kilichomfanya ashike ukuta. Askari wakacheka, Mutua akacheka, hata Haji Kulmiye alifunika mdomo kwa mkono wa kanzu. Dahabo peke yake hakucheka. Alisubiri wamalize, kidole bado juu.

Afisa alipofuta macho, alizungumza na Haji polepole. "Watu hawa wanajulikana wanapokaa," akasema. "Wako hapa. Stoo tafuta kwingine. Na paa zirudi." Maneno machache tu. Nimeyasikia maamuzi mengi ya mahakama tangu siku ile, na hakuna niliyoyakumbuka neno kwa neno kama hayo.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo vijana huipuuza. Afisa alipoondoka, Haji alibaki amesimama langoni, hajui aondokeje mbele ya watu waliomshinda. Baadhi yetu tulikuwa tayari kumpigia vigelegele vya kumkebehi. Dahabo akatunyamazisha kwa jicho. Akammiminia Haji maziwa ya ngamia, akampelekea kwa mikono miwili. Nilipomwuliza kwa nini, akasema: "Huyu kesho bado ndiye mwenye nyumba. Utaongea naye ukiwa umemdhalilisha?" Haji alikunywa akiwa amesimama. Baadaye akakaa. Kabla maziwa hayajaisha, walikuwa wanazungumza habari za matundu, na Haji akasema yale madebe yamechakaa mno kurudishwa, ataleta mabati.

Na aliyaleta kweli, kabla ya masika. Mvua ya kwanza ilipopiga, hakuna tone lililoingia, lakini kelele ilikuwa kubwa hata hatukusikilizana. Tulikaa milangoni tukipigiana ishara kama mabubu, Dahabo ameziba masikio kwa vidole.

Shamsa nilimwona vita vilipokwisha na watu wakaachwa waende watakako. Alikuwa amekonda, na mtoto wake mdogo hakuwa naye tena. Nilimkumbatia tukakaa hivyo muda mrefu. Kila mnapomkuta mpangaji anayetaka kukimbia, msimdharau kwa woga wake. Kaeni naye zaidi ya mlivyokaa na mashujaa. Mimi kwa Shamsa nilisema sana na kukaa kidogo.

Chumba chake kilikuwa bado kipo, tukampa. Nilidhani sasa tumetulia, sote chini ya mabati yetu, na nitazeeka nikisikia cherehani na kunusa ule moshi. Ndipo asubuhi moja nikamkuta Dahabo uwanjani anakunja mikeka. Alikuwa amepata ngamia wawili na mbuzi kadhaa kwa jamaa zake, na alikuwa anarudi mbugani.

Nililia kama mtoto. Mutua alikuja mbio, uzi mdomoni. "Mama Dahabo, unakwenda wapi? Si wewe uliyetufundisha kukataa kuhama? Tuligombana na Haji, tukagombana na serikali, leo unatoka mwenyewe?"

Dahabo akamjibu kwa Kiswahili chake, ili sote tusikie.

"Habana, Mutua. Kuhamishwa ndio mimi nakataa. Kuhama ni kazi yangu."

Akaendelea kupakia. Mutua alimsaidia kufunga mikeka juu ya ngamia. Alifunga fundo lake kwa uangalifu, ulimi nje, na Dahabo akalitazama, akalifungua, akalifunga upya. Kisha akatushika mikono mmoja mmoja, akampigapiga ngamia shingoni, na akashika njia ya Liboi asubuhi ile ya jua kali, mwendo wa polepole, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote.